Paukwa ya Mchana

Katika utoto wangu, kwetu Bagamoyo, sikumjua mtoto aliyethubutu kusimulia hadithi jua likiwa juu. Mchana ulikuwa wa kuchota maji, kukuna nazi, na kwenda chuoni kusoma alifu na bee. Hadithi zilingoja mpaka watu wamekwisha kusali magharibi na vyombo vimekwisha kuoshwa. Ukimwomba mtu hadithi asubuhi, hakukujibu. Alikuzunguka, akakutazama nyuma, chini ya kiuno, akauliza, "Umeanza kuota nini hapo?" Kila mtu alijua kwamba asimuliaye hadithi mchana huota mkia.

Kwa watoto, mkia ulitosha. Lakini bibi yangu, mama yake baba, ambaye tulikaa nyumbani kwake, alikuwa na neno zito kuliko hilo.

"Mkia ni mchezo," alikuwa akisema, huku vidole vyake vikisuka ukili wa mkeka bila yeye kuvitazama. "Mkia utajifunga kanga, utaufunika. Mimi nawaambieni la haki. Hadithi ya mchana humfungia njia msafiri. Ukiisema jua liko juu, na mtu wako yuko safarini, atatembea, atatembea, na njia haitamfikisha."

Aliposema hivyo hakuwa akitutisha ili tunyamaze. Uso wake ulibadilika. Hata Bi Tatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuna jambo asilolifanyia mzaha, hapo alikuwa hacheki.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza moyoni. Maneno yalinijaa, lakini mbele ya watu yalikwama kooni, na hata leo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana naona afadhali kuandika. Mara moja tu yalinitoka. Siku hiyo mwalimu wa chuoni alisema atatusomea hadithi ya Mtume, na kivuli cha nguzo ya ua kilikuwa kimejikunja chini yake, adhuhuri kamili. Nikamnong'oneza msichana aliyekaa karibu nami. Akacheka kwa sauti. Mwalimu akataka kujua kinachochekesha, na yule msichana akanisukuma mbele.

"Mwalimu," nikasema, macho yangu kwenye mkeka, "hadithi hii ya mchana, hatutaota mikia?"

Mwalimu alicheka mpaka akaishika kofia yake isianguke. "Hii ni hadithi ya kweli, mwanangu," akasema. "Mikia ni ya hadithi za uongo."

Nikarudi nyumbani na jibu hilo kama mtu aliyeokota kitu. Kumbe kuna mambo mawili yenye jina moja. La kweli lina ruhusa ya mchana, la uongo lingoje giza. Sikujua kwamba siku si nyingi nitalihitaji.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya dunia, miaka ile nguo zilipokuwa adimu hata watu wakazikwa kwa sanda za viraka. Baba alikuwa kibarua katika mashamba ya mkonge upande wa Tanga, tukimwona Idi hata Idi. Nyumbani tulikuwa Bibi, Mama, mimi, na mdogo wangu Athumani, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Mama alikuwa Mzigua wa Mkange, kule kaskazini. Katikati ya masika ikaja habari kwamba mama yake mdogo amefariki. Ilimbidi aende. Mjomba, kaka yake, alikuja kumchukua.

Kwenda Mkange kwa miguu ni kuvuka Ruvu, kisha kuvuka Wami, na mito yote miwili ilikuwa imejaa. Si njia ya kubeba mtoto mdogo. Mama alimfungua Athumani mgongoni, akampakata, akamrudisha kwa Bibi. Kisha akaniita kando, penye mtungi wa maji.

"Mwanaidi, nitakaa mpaka hitima, halafu nirudi. Mdogo wako umemwona alivyo na tabu ya kula. Uwe unamlisha kama ninavyomlisha mimi."

Hapa lazima nieleze jinsi Mama alivyomlisha, maana mambo yote yalitoka hapo. Athumani alikuwa mtoto wa kufunga meno. Ukimletea tonge, anakaza midomo kama mlango wenye komeo. Mama akagundua njia yake mwenyewe. Chakula cha jioni kikiwa tayari, yeye huanza hadithi. Anasema, "Paukwa!" na mtoto, kama desturi yetu ilivyo, lazima aitike, "Pakawa!" Jaribu kulitamka neno hilo polepole, utaona. Pa-ka-wa. Linapokwisha, kinywa kimebaki wazi. Na hapo ndipo tonge la Mama lilipopita. Hadithi za watu wengine huwa na paukwa moja, mwanzoni. Za Mama zilikuwa na paukwa kila baada ya maneno machache, mpaka sahani iishe. Bibi alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Huu ni Uzigua gani tena? Hadithi ina milango mingi kuliko msikiti." Lakini sahani ilikuwa inaisha.

Basi Mama akaenda. Nilimlisha Athumani jioni kwa paukwa, akala vizuri. Bibi akaniambia, "Haya, mke mwenzangu, kazi unaiweza." Ndivyo alivyokuwa akiniita kwa utani, mke mwenzake, maana mjukuu wa kike kwetu ni mke wa babu, ijapokuwa huyo babu sikumwona hata sura.

Kisha surua ikaingia mtaani, na kwetu ikaingia.

Bibi alijua la kufanya. Alimlaza Athumani chumbani, akatundika kaniki dirishani na mlangoni mwanga usimchome macho. Akakataza samaki nyumbani. Akaenda kwa mwalimu akaandikiwa kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji apewe kunywa. Vipele vikatoka vyema usoni na kifuani, Bibi akashukuru, kwa sababu surua ya kutisha ni ile isiyotoka nje. Lakini ndani ya kinywa vidonda vilitoka pia, na Athumani akafunga meno. Hakutaka uji. Hakutaka maji. Hata kombe alilitema, likatia rangi ya manjano kwenye mkeka.

Jioni, mimi nilijaribu. Jua lilikuwa limezama, hadithi ni halali. Nikasema paukwa, lakini homa yake ilikuwa ikipanda wakati huohuo, kila siku, kuanzia alasiri. Macho yake yaligeuka, hakunisikia. Asubuhi homa ilishuka, akawa na akili zake, akawa anatutazama. Hapo angeweza kuitika. Lakini hapo hadithi hairuhusiwi. Hadithi ilikuwa na saa zake, na homa ilikuwa na saa zake, na mtoto alikuwa katikati akikauka.

Bi Tatu alikuja kumtazama. Akamvuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilichelewa kurudi. Athumani akalia kwa sababu ya kuguswa.

"Umeona, shoga?" Bi Tatu akamwambia Bibi. "Analia hana machozi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha. Sijapata kusahau. Mpaka leo mtoto wangu akilia, kitu cha kwanza ninachotazama ni machozi, na nikiyaona nashukuru.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Wanaume walikuwa wamekwenda msikitini, mtaa umetulia. Bibi alikuwa amekaa barazani na ukili wake, karibu na mlango. Mimi nilikuwa chumbani na bakuli la maji ya dafu na kijiko. Athumani alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na kwenye mipasuko kulikuwa na weusi.

Nikakumbuka la mwalimu. Nikainama sikioni mwake nikasema kwa sauti ndogo, "Athumani, nikupe habari? Si hadithi. Ni habari ya kweli. Kulikuwa na mama mmoja..."

Akaitambua papo hapo. Ilikuwa hadithi ya Mama, aliyoitunga mwenyewe, na Athumani hakutaka nyingine. Mama mmoja anakwenda shamba, na kwa kuogopa zimwi anamficha mwanawe ndani ya fenesi. Athumani akageuza uso, akanitazama kwa hasira.

"Paukwa," akasema.

"Leo haina paukwa. Hii ni habari, siyo hadithi. Kulikuwa na mama mmoja..."

"Paukwa!"

"Athumani, mdogo wangu, kunywa kwanza."

Akafunga meno, akageukia ukutani. Mabega yake yakaanza kutikisika, akilia kilio kile kikavu.

Watu wazima wasiokaa na watoto wadogo hawalijui jambo hili. Mtoto wa umri ule ni mkali kuliko kadhi. Ukimbadilishia neno moja la hadithi yake, umemwibia. Zimwi likiwa limepiga chafya jana, leo ni lazima lipige. Mimi nilidhani nimepata mlango wa nyuma, niingize hadithi kwa jina la habari, Mungu asinione na njia isijue. Athumani aliufunga mlango ule. Alitaka hadithi, na alitaka iitwe hadithi.

Na Mama alikuwa njiani. Hilo ndilo nililolijua na ambalo sikuweza kulisukuma kando. Mchuuzi wa chumvi aliyetoka upande ule alikuwa ametuletea salamu kwamba hitima imekwisha somwa, na wageni wamekwisha kuanza kutawanyika. Kwa hiyo saa ile ile, jua lile lile lililokuwa nyuma ya kaniki ya dirisha letu lilikuwa juu ya kichwa cha Mama, mahali fulani baina ya Mkange na Wami. Niliamini maneno ya Bibi. Naomba msomaji anielewe hapa. Sikuwa mtoto mwerevu aliyeyacheka mambo ya wazee. Niliyaamini kama ninavyoamini kwamba moto unaunguza. Niliamini kwamba nikifungua kinywa, njia itafunga.

Nilimtazama Athumani. Nikamfikiria Mama.

Nikasema, "Paukwa."

Sikusema kwa kunong'ona. Sijui kwa nini. Labda niliona kwamba kama nalifanya, nilifanye.

Athumani aligeuka. "Paka... wa," akasema, na kinywa kikabaki wazi, nikaona ndani kulivyo kwekundu, nikatia kijiko. Akameza. Uso wake ukakunjamana kwa maumivu, lakini alimeza.

"Kulikuwa na mama mmoja, akamficha mwanawe ndani ya fenesi. Paukwa!"

"Pakawa."

Kaniki ya mlango ikanyanyuliwa. Bibi alisimama pale, ukili umemning'inia mkononi.

"Nani kasema neno hilo?"

"Mimi, Bibi."

"Mchana huu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mama yako yuko njiani, Mwanaidi!"

"Najua, Bibi."

"Unajua, na bado unasema?"

"Anakunywa, Bibi."

Alinyanyua mkono. Nilifumba macho, lakini bakuli sikuliweka chini. Kofi halikuja. Nilipofumbua, Bibi alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama Athumani, aliyeachama kama kinda la ndege, anangoja. Mtoto hakujua lolote la mito wala wasafiri. Alikuwa anangoja kijiko.

Bibi hakunisaidia, wala hakunizuia. Alishusha mkono, akatoka. Nikamsikia huko barazani anaanza kusoma dua ya msafiri, kwa sauti ya haraka, kama mtu anayekimbilia kuziba shimo. Yeye akasoma huko, nami nikasimulia huku.

Kutoka upande wa pili wa ukuta ikaja sauti ya Bi Tatu. "He! Kwenu kumekuchwa saa saba? Au masikio yangu yamezeeka?"

Bibi alizidi kusoma dua yake.

"Haya! Idi tutashona mashimo kwenye nguo, mikia ipate pa kutokea!"

Niliendelea. Niliimba wimbo wa yule mtoto aliyemo ndani ya fenesi, kama Mama alivyokuwa akiuimba:

*Fenesi la mama, jifunge, jifunge,*
*nje kuna zimwi, ndani nimo mimi.*

Zimwi likaja, likanusa, likapiga chafya. Likalipasua fenesi upande usiokuwa na mtoto, likaanza kula kwa pupa, nalo halikujua mambo ya utomvu. Mtu wa kwetu hupaka mafuta mikononi kabla ya kugusa fenesi. Zimwi halikupaka. Vidole vikagandana, kisha midomo ikagandana, likabaki likisema "mm, mm, mm," mpaka mama wa mtoto akarudi na mchi. Nilipofanya ile "mm, mm," Athumani alicheka. Mpasuko mmoja wa mdomo ukafunguka, ukatoa damu kidogo. Damu ile ilinifurahisha kuliko kitu chochote nilichokiona masika yale, maana ilikuwa mbichi, haikuwa nyeusi.

Bakuli likaisha. Nikaenda barazani kuomba dafu jingine. Bibi alilipasua, akanipa.

Baada ya hapo sikuacha. Nilimsimulia asubuhi, nikamsimulia adhuhuri, mlango wazi, yeyote asikie. Kama njia ilikuwa imefungwa, ilikuwa imefungwa tayari, na mtoto alikuwa hajashiba. Siku zikapita, Mama hakurudi. Wanawake wa mtaa walipita kuja kumtazama mgonjwa, lakini macho yao yalinitafuta mimi. Mmoja aliuliza, nami nipo pale pale, "Ndiye huyu?" Bibi akajibu, "Ndiye," basi. Hakuniita tena mke mwenzake. Niliitwa Mwanaidi, jina kamili, kama mtu wa kuandikiwa barua.

Nikioga nilijipapasa nyuma. Mkia haukuwapo. Lakini mkia ndio niliokuwa nautamani; ningeupokea na kuufunga kanga maisha yangu yote, mradi Mama atokee kwenye kona ya njia. Kila alasiri nilisimama hapo, na kila alasiri kona ilikuwa tupu, ila mbuzi wa watu.

Athumani akaanza kukaa. Akaanza kuomba wali.

Mama alirudi alasiri moja tulipokuwa tumekwisha kuacha kumtaja. Mjomba alimfikisha mlangoni akaenda zake kusali. Miguu ya Mama ilikuwa imevimba, imechanika kwa miiba, na kanga yake ilikuwa na tope mpaka kifuani. Bibi alimpokea kwa kumshika mikono yote miwili, hata hakungoja shikamoo.

"Umekawia wapi, mwanangu?"

"Mama, tumepotea," Mama akasema. Alikaa barazani pale pale. "Wami imepanda, njia yote imezama. Tukashika njia nyingine, kumbe ni ya wanyama. Tumetembea kutwa, jioni tunakuta majivu ya moto. Nani alikoka moto hapa? Tunatazama, ni majivu yetu wenyewe ya jana!"

Bibi akamwachia mikono. "Siku gani hiyo mliyopotea?"

"Ijumaa. Nakumbuka, maana kaka alisema leo hatukuwahi sala."

Sikuwa na pa kujificha. Nilisimama mlangoni nimemshika Athumani mkono. Bi Tatu alikuwa amekwisha kufika barazani, kichwa kimefunikwa kanga nusu, asipitwe na neno.

"Basi mwulize binti yako," Bibi akasema, "Ijumaa adhuhuri alikuwa akifanya nini."

Mama akanitazama. Nilifungua kinywa, maneno yakakwama kama kawaida yake. Ni Bibi aliyesema. Na namshukuru, kwa sababu alisema lote, hakukata. Alisema surua ilivyoingia, kinywa kilivyofungwa, kombe lilivyotemwa. Alisema, "Analia hana machozi." Alisema, "Nilimkataza huyu tangu hajaota meno, na akajua uko njiani, na akasema paukwa, jua liko pale." Akaonyesha kwa kidole. Kisha akasema, polepole, "Ndipo mtoto akanywa."

Mama alimvuta Athumani, akamweka mapajani, akamgeuza uso kwenye mwanga, akampitisha kidole juu ya midomo, pale ngozi mpya ilipokuwa nyembamba. Athumani akamwuliza amemletea nini.

"Mama," Mama akasema, na alikuwa anamwambia Bibi, kwa heshima, bila kunyanyua sauti, "kama ni hilo lililonipoteza, basi nilipotea kwa jambo langu. Angeniuliza, ningemwambia asiningojee."

Bi Tatu akasema, "Astaghfirullahi," lakini chinichini.

Bibi aliokota ukili wake, akausuka kidogo, akauweka. Kisha akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.

"Mke mwenzangu," akasema, "hebu geuka nikutazame huko nyuma."

Nikageuka. Akanipiga kofi dogo la makalioni. "Bado," akasema. "Nenda kampashie mama yako maji ya kuoga."

Nilipokuwa mwali, nimekaa ndani nangoja kuolewa, Mama alinieleza kitu ambacho Bibi hakupata kunieleza. Babu yangu, yule mume wetu mimi na Bibi, alikwenda bara na mizigo wakati wa Wajerumani na hakurudi. Baba yangu alikuwa mdogo, akimlilia baba yake mchana kutwa, na Bibi akawa anambembeleza kwa hadithi. Majirani wakamsikia. Babu alipokawia, wakakumbuka walichosikia. Wakamwambia, "Wewe ndiye uliyemfungia njia mumeo." Alikuwa mwanamke kijana, hana wa kumtetea, akayapokea maneno yale. Akayabeba mpaka uzeeni, na alipotukataza alikuwa anatukinga tusije tukabebeshwa mzigo kama wake.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu nilipopata mtoto. Kuna mito inayofurika. Kuna maradhi ya bara, na chui, na watu wabaya. Mengi yangeweza kumzuia babu yangu. Lakini katika yote hayo, kilichoshikwa na kuletwa mbele ya watu ni mama aliyekuwa akimbembeleza mwanawe. Wengine hunishauri niseme kwamba imani ile ni ujinga tu, maana nilisoma shule, najua kuandika, najua mvua hutoka wapi. Siwezi kusema hivyo. Siku ile nilisema neno, na siku ile Mama alipotea. Sina elimu ya kuyatenganisha mambo hayo mawili. Ninachosema ni kwamba, hata kama yameungana, ningesema neno lile.

Sasa nimeolewa Kerege, hapa kwenye barabara ya kwenda Dar es Salaam. Mume wangu ni dereva wa lori la mizigo, hulala njiani zaidi kuliko nyumbani. Binti yetu Zainabu ana miaka miwili na nusu, na kama wote wa umri wake hajui kwamba kuna saa za hadithi. Hadithi anaitaka akiamka, akioga, akianguka na kuchubuka goti. Anaitaka ile ile, kwa maneno yale yale, na zimwi liwe zimwi kweli. Mama mkwe wangu, mama mwema, hukaa uani akichagua mchele. Wiki iliyopita alinisikia.

"Mwanangu," akasema, "mume wako yuko Korogwe, na barabara yote tope."

"Najua, mama."

"Basi ngoja hata jua lizame."

Ninamheshimu, na sijapata kumjibu jambo. Uso uliniwaka, nikainamisha kichwa. Zainabu alikuwa amenishika kanga kwa ngumi zake zote mbili, ameachama, anangoja.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Yeye hawezi kungoja."

Nikaendelea, kwa sauti inayosikika. Mume wangu namwombea kila sala, na njia yake naitaja kituo kwa kituo. Msafiri nimemkabidhi Mola. Mtoto nimekabidhiwa mimi.